Kidonda Kisichopiga Kelele

Kidonda kinachopiga kelele hakijawahi kunikosesha usingizi. Kikivimba, kikinuka, kikitoa usaha, najua mwenyewe ameona, bibi yake ameona, na hata jirani ambaye hakuulizwa ameona. Atakuja tu. Mimi nilikuwa naogopa kile kinachokauka haraka, mpaka mtu anakuonyesha huku akicheka. Nimeosha vidonda vya watu wa Kitengela tangu nikiwa na meno yote, na sasa wameniambia nipumzike. Nimepumzika wiki moja, nimechoka. Basi nawaandikia nyinyi mliobaki kwenye kile chumba, kwa sababu nimewaona mkiosha, na mnaosha haraka. Mkikuta mahali nimeandika vibaya, rekebisheni kimoyomoyo. Darasa la nne ndipo baba aliona inatosha.

Nilikuja Kitengela mwanzo wa miaka ya tisini, nikimfuata mume wangu aliyepata kazi ya kiwanda upande wa Athi River. Kwetu ni Bungoma, mahali penye mvua na ndizi. Huku nilikuta barabara ya Namanga, maduka machache yenye vumbi, na nyasi mpaka macho yanachoka. Punda milia walikuwa wanapita nyuma ya choo cha zahanati kama watu wanaokwenda sokoni. Maji yalikuwa ya kisima, ya chumvi, yanaletwa na mkokoteni wa punda. Sabuni ukiisugua kwa maji hayo haitoi povu mpaka uikasirikie.

Niliandikwa kazi hapo zahanati, kupiga deki. Siku ya kwanza sikupiga deki hata chumba kimoja. Aliyekuwa akitibu watu alikuwa Bwana Mutiso, Mkamba mwembamba, miwani yake imefungwa na uzi wa kushonea magunia. Watu walimwita Daktari. Yeye alikuwa anawaambia yeye si daktari kamili, ni ofisa wa kliniki, na watu walikuwa wanamjibu, "Sawa, Daktari." Asubuhi hiyo aliletwa mama mmoja aliyeumwa na mbwa kwenye mguu. Mutiso akaniita.

"Mama Nafula, unajua kufua?"

"Nimefua tangu nikiwa mtoto."

"Basi weka hiyo deki chini, ufue huu mguu."

Alikuwa na jerikeni kubwa ameitoboa karibu na chini akaitia bomba la plastiki. Akanipa kipande cha sabuni ya kufulia, ile ndefu inayokatwa kwa waya. Nikaosha. Nilipoona kidonda kimekuwa cheupe nikafunga bomba.

"Nani amekuambia ufunge?"

"Kimetakata, Daktari."

"Macho yako ndiyo yametakata. Jerikeni ikiisha, utafunga."

"Na maji yakiisha hapa tutakunywa nini?"

"Punda ataleta mengine. Yeye hajalalamika."

Nilimshuku yule mtu. Nilidhani ananipima kama nitatoroka, au ni mmoja wa wale wanaopenda kuona mwanamke akiinama. Maji yanabebwa mbali hivyo, halafu yamwagwe kwenye mguu uliokwisha kuwa safi! Lakini jerikeni iliisha, na mama yule akaandikiwa sindano, na mimi kesho yake nikaambiwa nianzie kwenye vidonda, deki baadaye. Deki haikunipata tena.

Watu walikuja na vidonda vimepakwa kila kitu. Pilipili. Ugoro. Majani ya chai. Mafuta ya taa. Nywele za mbwa yuleyule aliyeuma, zimechomwa zikawa majivu. Kila kabila lilileta dawa yake, na zote nilizitoa kwa maji ya chumvi bila ubaguzi. Sikubishana na mtu. Mtu akibishana kuhusu majivu, mwachie ushindi, wewe shika jerikeni.

Sasa niwaambie kuhusu Okumu, maana bila yeye haya mengine hamtayaelewa.

Okumu alikuwa mlinzi kwenye shamba la maua. Alipita mbele ya zahanati kila asubuhi akitoka kazini, koti la kijeshi mpaka magotini, ananisalimia kwa sauti ya kuamsha wagonjwa. Alikuwa amefuga mtoto wa mbwa huko getini. Yule mtoto wa mbwa alimuuma kidole akicheza naye. Hata damu haikujaza kijiko. Okumu hakuja kuoshwa, na mimi sikuambiwa, kwa sababu hapakuwa na cha kuambiwa. Kidole kilipona. Mbwa akafa, Okumu akadhani amekula sumu ya panya, maana stoo ya shamba ilikuwa imewekwa sumu. Kila kitu kilikuwa na sababu yake nzuri.

Miezi ikapita. Siku moja akaingia, hakupita. Alisema kidole kinamwasha, kile cha zamani, kinamwasha ndani kwa ndani mpaka kwenye bega, na hajalala. Alikuwa amechoka, nikammiminia chai. Alipoileta karibu na mdomo koo lake liliruka kama limepigwa. Akacheka.

"Mama Nafula, umeweka nini kwa hii chai?"

Akajaribu tena. Safari hii hakucheka. Mutiso alikuja nyuma yangu taratibu, akachukua kikombe mkononi mwa Okumu, akakiweka mbali, akanitazama. Alikuwa amejua. Okumu alipelekwa hospitali kubwa akiwa na akili zake zote, anauliza ni nani atakayeshika zamu yake. Hakurudi. Kichaa cha mbwa kikishafika kichwani, watu wote wenye makoti meupe wanabaki kushika mikono ya mgonjwa tu.

Nilikasirika. Nilimfuata Mutiso pale alipokuwa anachemsha makasi, nikamwambia anieleze vizuri, kwa sababu mimi sikubali kitu kama hicho. Malaria inatuma habari. Hata mafua yanatuma habari. Huyu alikaa ndani ya mtu miezi yote, na mtu anapita hapa kila asubuhi akinisalimia, bila homa, bila jipu?

"Mama Nafula," akasema, "homa inatoka wapi?"

"Kwa ugonjwa."

"Hapana. Homa ni mwili wenyewe unapiga nduru."

Akanieleza hivi. Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo vidogo visivyoonekana, na kila chumba kiko na mlinzi aliyezaliwa humo. Hakusoma. Hamjui mwizi yeyote kwa jina. Anajua tu kwamba hiki si cha nyumba hii. Akikigusa, anapiga nduru, na nduru hiyo wasomi wameipa jina, intaferoni. Majirani wakisikia wanafunga milango kwa komeo. Askari wa damu wanakimbia kuja. Ndiyo maana unavimba, unawaka moto, unatoa usaha. Yote hiyo ni kelele ya kwanza, kabla hata hawajajua aliyeingia ni nani.

"Huyu wa mbwa anajua habari ya hiyo kelele," Mutiso akasema. "Virusi vyote vinaishi kwa kuandika maagizo yao ndani ya nyumba ya mtu. Huyu maagizo yake ameyafunga kwa kitambaa, yamebana, mlinzi akipapasa hagusi kitu. Na mlinzi akishtuka kidogo, huyu wa mbwa yuko na mtumishi wake, kazi yake ni kuziba watu midomo. Nduru inaanza, inafia kooni. Na kama jirani mmoja aliisikia kidogo, mtumishi huyohuyo anamziba masikio."

"Mtumishi mmoja, kazi zote hizo?"

"Mmoja. Halafu havunji nyumba. Wengine wanavunja, moshi unaonekana. Yeye anaingia kwenye mshipa wa fahamu, njia ambayo askari hawaipiti sana, anatembea polepole kuelekea kichwani. Anakaa kwenye nyumba za watu kama mpangaji mwema. Hapigi redio, hagombani na mtu."

"Nilikuwa na mpangaji kama huyo Bungoma," nikasema. "Aliondoka na milango."

Mutiso alicheka mpaka miwani ikateleza. Nikamuuliza, "Hayo umeyaona na macho yako?"

"Sijayaona. Nimesoma, na waliosoma zaidi yangu bado wanayatafuta mengine."

"Basi nimeamini nusu."

"Nusu inatosha kuosha," akasema. "Ako na koti la mafuta. Sabuni inalichana. Ukimkuta bado mlangoni, hajashika njia, unammaliza na kipande cha sabuni. Hiyo ndiyo sababu ya jerikeni. Sindano inakuja baadaye, kuwaonyesha askari uso wake kabla hajafika juu."

Tangu siku hiyo sikumshuku Mutiso tena. Nilianza kushuku wale walio wazima. Mtu akiniambia hasikii chochote, nilikuwa namuuliza, husikii chochote tangu lini?

Mutiso alistaafu akarudi kwao Makueni baada ya ile mvua kubwa ya El Niño, iliyogeuza barabara zote kuwa mito. Alichoniachia ni jerikeni ile, bomba limebadilishwa mara nyingi. Wakaja wengine, wazuri na wa kawaida, mpaka akaja Daktari Wanjiru, msichana mdogo wa Murang'a anayetembea haraka. Mnamjua nyinyi, kwa hiyo simsifu sana.

Kitengela nayo ilikuwa imebadilika. Nyasi zilikatwa plot, viwanja vya kujengea, plot zikawekwa waya, nyumba za kupanga zikaota. Watu wa mshahara walikuja, kila mmoja na mbwa wake wa kulinda televisheni. Na ikaja karatasi ya plastiki. Upepo wa huku mnaujua. Kila uzio ulivaa karatasi, kila mti wa miiba. Ng'ombe wa Wamaasai waliobaki katikati ya plot walikosa nyasi wakala karatasi. Ikawa desturi: ng'ombe akitoa mate, akikohoa, akinyoosha shingo, mwenyewe anasema amekwama, anaingiza mkono kooni mpaka begani anavuta. Nimeona vijana wanafanya hivyo huku wanaongea habari zingine.

Siku moja ya kliniki ya watoto nilikuwa namfunga mtu kidole, mlango uko wazi, na kwenye benchi la nje akina mama wanacheka. Aliyewachekesha alikuwa Naserian, mke wa Lemayian, boma lao liko kule plot zinapoishia. Akiwa na mtoto mgongoni, alikuwa anaigiza ng'ombe wao. Alitoa sauti nzito, ya kukwaruza, inayopasuka katikati.

"Analia hivyo mchana kutwa! Kama mzee ametoka kilabuni! Mate mpaka chini. Lemayian akaingiza mkono, akavuta, akatoa karatasi ya mkate. Mkate wenyewe hatukuuona."

Wakacheka. Mimi mikono yangu ilisimama. Nilikuwa nimesikia ng'ombe waliokwama wengi. Aliyekwama anakohoa, anagugumia. Halii mchana kutwa mpaka sauti inakauka.

Nikatoka. "Naserian, huyo ng'ombe alipona?"

"Alikufa, Yeyo. Karatasi zilikuwa zimejaa tumboni. Tulimpasua tukaona." Yeyo ni mama kwa Kimaasai, ndivyo walivyoniita.

Wengine wakaitikia kwa kichwa, wameridhika. Lakini jiulizeni nyinyi: ni ng'ombe gani wa Kitengela wakati huo ungempasua ukose karatasi? Ilikuwa kama kufungua mfuko wa fundi ukute misumari, halafu useme misumari ndiyo iliyomuua.

"Kichwa chake kiko wapi?" Kichaa cha mbwa, hata kwa ng'ombe, kinapimwa kwenye ubongo.

"Fisi walikula. Yeyo, unataka supu?"

Wakacheka tena. Nikauliza bwana yake yuko wapi. Alikuwa nje chini ya kivuli cha ukuta, maana mwanamume hakai na akina mama wa kliniki. Nikamwita.

"Supa, Yeyo," akanisalimia.

"Ipa. Lete mkono."

"Mkono uko sawa."

"Sikuuliza hali yake. Lete."

Juu ya kiwiko palikuwa na mistari, mahali meno ya nyuma ya ng'ombe yalimkwaruza. Imepona. Imepona vizuri sana, ngozi imefunga kimya kama mlango wa nyumba ya mtu aliyehama usiku. Hakuna wekundu, hakuna uvimbe. Nilimpeleka kwa Daktari Wanjiru nikamwambia ninachoshuku na sababu. Hakunicheka. Alimuuliza maswali ambayo mimi sikuyafikiria: ng'ombe alikuwa anagonga vitu kwa pembe? Alikuwa anajikaza kama anayetaka kunya na hakuna? Maji aliyameza?

"Alipiga uzio kwa kichwa," Lemayian akasema. "Tulisema ni uchungu wa karatasi. Maji alikataa."

Wanjiru akaweka kalamu chini. "Mama Nafula, osha."

"Imepona tayari, Daktari," Lemayian akasema.

"Ndiyo maana naosha," nikamwambia. Tulikuwa tumechelewa, sote tulijua, lakini jerikeni iliisha. Sindano hazikuwa kwetu. Aliandikiwa aende Kajiado, na Wanjiru alimweleza taratibu kwamba ni nyingi, zina siku zake, na akikosa moja anaacha mlango wazi. Akaenda siku hiyohiyo na Naserian. Nilifurahi kidogo. Kidogo tu.

Siku ya sindano iliyofuata ilipita. Kesho yake asubuhi Naserian akaja peke yake, mtoto mgongoni, hachekeshi mtu.

"Amekataa. Anasema yeye si mgonjwa, na sindano ni ya wagonjwa. Kesho anapeleka ng'ombe mnada wa Bissil. Anasema wewe ni mzee, unaogopa kila kitu."

"Hilo la mwisho amesema kweli."

"Yeyo, kama ni ule ugonjwa, nitamwonaje?"

Nilitaka kumdanganya. Nikamwambia, "Hutamwona. Ukimwona, tumechelewa." Akakaa kwenye benchi, akamgeuza mtoto mbele akamnyonyesha mpaka mtoto akalala.

Nilimwomba Wanjiru ruhusa, nikaenda na Naserian kwa miguu, viatu vyangu vya kazi vikachota vumbi la plot zote. Tulipokaribia boma mbwa watatu walitoka wakibweka kama nimeiba tayari. Lemayian akatoka akiwatupia mawe.

"Waache," nikamwambia. "Wanafanya kazi yao."

"Karibu, Yeyo. Lakini kama ni sindano, nimeshakataa."

"Sikuja na sindano. Nimekuja kuuliza habari ya mbwa. Hawa wakibweka usiku unafanya nini?"

"Nageuka upande wa pili. Labda ni mbweha."

"Na ukiamka kwenda haja, usikie hawabweki? Wote watatu, hata mmoja haguni?"

Alitazama mbwa wake. "Nachukua rungu."

"Kwa nini? Si kuko kimya? Si kila kitu kiko sawa?"

"Yeyo, mbwa hawanyamazi wote bure. Mtu amewapa nyama, au chui amewachukua."

"Sasa lete huo mkono," nikasema. "Ulikwaruzwa na meno machafu ya ng'ombe, ndani ya mate. Mwiba tu ukikuchoma hapo unavimba siku mbili. Hapa ulivimba?"

"Hapana."

"Uliwaka moto?"

"Hapana."

"Mbwa wako wamenyamaza wote, Lemayian. Inawezekana hakuna mtu. Au inawezekana yuko mmoja amewaziba midomo, na saa hii anatembea kwa mkono wako, polepole, anaenda nyumbani kwa mwenyewe. Ile sindano ya kwanza iliwaonyesha mbwa wengine nguo ya mwizi. Wewe ni mfugaji. Mbwa unamnusisha mara moja, anashika?"

Alishika ule mkono kwa mkono mwingine, juu ya kiwiko, kama anayepima uzito. Naserian alikuwa amesimama mlangoni.

"Na mnada?" akauliza, lakini si kwangu, kwa mkewe.

"Ng'ombe watakuwa ng'ombe hata wiki ijayo," Naserian akasema. "Wewe sijui."

Alikwenda Kajiado siku hiyo. Daktari Wanjiru akazungumza na wenzake huko, wakampangia siku upya. Alikwenda zote. Kila akirudi alipita zahanati, na mimi nilikuwa namwekea kikombe cha maji mezani bila kusema kitu, namtazama koo akinywa. Alijua ninachofanya. Siku moja alikunywa, akajifanya anakabwa, akaona uso wangu, na hakurudia mchezo huo.

Ikapita miezi, ukapita mwaka, na mwingine. Sikuacha kumtazama koo. Mtoto wa Naserian aliingia shule, na mimi nikabadilishiwa jina, kutoka Yeyo nikawa Koko, yaani nyanya, bila kuulizwa.

Siku mliponiaga, mlipokuwa mnakata ile keki yenye rangi ambazo sikuziamini, Lemayian alikuja na kibuyu cha maziwa. Aliniita pembeni. Nywele zake zimeanza kuwa nyeupe pembeni, na ile mistari kwenye mkono hata haionekani.

"Koko, leo unaondoka, kwa hiyo niambie ukweli. Yule mwizi alikuwa kwa mkono wangu, au hakuwa?"

"Sijui."

"Sindano zote hizo, na hujui? Na Daktari?"

"Hata yeye hajui. Hakuna anayejua."

"Sasa nani atawahi kujua?"

"Lemayian," nikamwambia, "tungejua, wewe hungekuwa hapa unauliza."

Akacheka, akaweka kibuyu mikononi mwangu, akasema ni ya asubuhi hiyo, ya ng'ombe mzima kabisa, hana tatizo lolote.

Nilimshukuru. Nikaenda nyumbani nikayachemsha.